Habari za Kidonge cha Dawa na Unga Wake

Katika vijiji vyetu vya Makumira, Poli na Usa River hakuna nyumba isiyojua kidonge. Kimefungwa katika karatasi, au kimelala katika mfuko wake wenye kung'aa, nacho kimewekwa juu ya kabati mbali na mikono ya watoto. Mtoto akishikwa na homa usiku mama hukitwaa, hukikata kwa kisu juu ya sahani, nusu humpa mgonjwa na nusu huiweka kwa kesho. Nani kati yetu amepata kuuliza kama nusu ya kushoto ina dawa sawa na nusu ya kulia? Hata sisi walimu hatukuuliza, mpaka siku ile mwanafunzi mmoja alipotaka kujua kwa nini kidonge kimoja kikitiwa majini huvunjika mara moja, na kingine, nacho ni cha dawa ile ile, hukaa kama kokoto. Tukatia kidonge chake katika glasi ya maji mbele ya darasa. Kilikaa tangu asubuhi hata wakati wa kwenda nyumbani. Tuliona haya, kwa maana hatukuwa na jibu. Tangu hapo tumezitafuta habari hizi kidogo kidogo, na tuliyoyapata twayaandika hapa.

Tuanze na Dokta Livingstone, ambaye jina lake lajulikana na kila mtoto wa shule. Katika safari zake alitumia vidonge vya homa alivyovichanganya kwa shauri lake mwenyewe: kwinini, kalomeli ambayo ni dawa ya zebaki, mzizi wa rubabu, na utomvu wa mmea uitwao jalapa. Watu wakaviita "Livingstone's Rousers", yaani viamsho vya Livingstone, kwa kuwa vilimwinua mgonjwa kitandani. Wala tusifiche, mara nyingi vilimwinua kwa haraka sana kumpeleka nje. Vidonge vya zamani zile havikushindiliwa kwa mashine. Unga wa dawa ulikandwa kwa asali au gundi ukawa donge, donge likavingirishwa likawa kama uzi mnene, uzi ukakatwa vipande, na kila kipande kikaviringwa kwa vidole. Jina letu la kidonge lina kumbukumbu ya kazi hiyo, maana ni donge dogo. Basi mkono wa mtengenezaji ndio uliokuwa mizani. Akichoka, au akizungumza huku akikata, kidonge kimoja huwa kikubwa na cha pili huwa kidogo, na mgonjwa hajui.

Mwezi wa Januari 1867, katika nchi iitwayo Zambia siku hizi, wapagazi walitoroka na mzigo uliokuwa na sanduku la dawa la Livingstone. Yeye mwenyewe aliandika ya kuwa aliona kama amekwisha kuhukumiwa kufa. Akaishi miaka 6 mingine, lakini katika udhaifu mwingi, na Stanley alipomkuta Ujiji mwaka 1871 alikuwa mtu aliyekwisha kukonda. Twaitaja habari hii ili ionekane jinsi uhai wa mtu ulivyoweza kubebwa katika sanduku moja la unga na madonge.

Kwinini yenyewe ilikuwa imepatikana mwaka 1820, wakati Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walipoitenga katika gome la mti wa sinkona huko Paris. Tangu siku hiyo mganga aliweza kupima dawa yenyewe badala ya kupima magome. Walakini kuipima safarini ni kazi ngumu. Unga wa kwinini ni mwepesi na mchungu mno, huruka kwa upepo, hushika unyevu, tena kipimo chake kwa ncha ya kisu ni cha kubahatisha tu.

Aliyefungua njia hakuwa mganga. Alikuwa mchoraji wa picha, Mwingereza aitwaye William Brockedon. Naye hakuwa akitafuta dawa. Alitafuta risasi nzuri ya penseli. Siku zile madini meusi ya penseli yaliyochimbwa Borrowdale, Uingereza, yalikuwa yakipungua, vikabaki vipande vibovu na unga. Brockedon akafikiri: unga huu ukitiwa katika kalibu ya chuma na kubanwa kwa nguvu nyingi, je, hautashikamana pasipo gundi? Akajaribu, ukashikamana. Mwaka 1843 alipata hati ya serikali ya kuulinda uvumbuzi huo, na katika hati hiyo aliandika penseli pamoja na vidonge vya dawa, kwa kuwa alitambua ya kuwa unga ni unga. Sisi ambao kazi yetu yote imo katika penseli tulifurahi kujua kwamba penseli na kidonge ni ndugu wa kalibu moja.

Kutoka hapo jambo likaenda mbio. Mwaka 1880 Wamarekani wawili, Silas Burroughs na Henry Wellcome, walifungua kampuni yao London, na mwaka 1884 wakaandikisha jina "Tabloid" liwe alama ya dawa zao zilizoshindiliwa. Walijua kuuza. Stanley alipokwenda kumtafuta Emin Pasha, katika safari ile ya 1887 hata 1889 iliyotokea Bagamoyo, masanduku yake ya dawa yalitoka kwao. Wamisionari nao wakabeba masanduku kama hayo. Hivyo kidonge cha kushindiliwa kilikuja kwetu kichwani mwa mpagazi.

Lakini watu walikuwa wamegundua ubaya mmoja. Kidonge kikikaa sana hukauka, kikawa kigumu hata tumbo lisiweze kukivunja, kikapita mwilini na kutoka kama kilivyoingia. Daktari mmoja wa Michigan, Marekani, William Upjohn, alipata mwaka 1885 hati ya kidonge chake kinachosagika kwa kidole gumba. Husimuliwa kwamba ili kuwaonyesha waganga ubaya wa vidonge vya wengine aliwapelekea ubao laini, vidonge hivyo vimepigiliwa ndani yake kama misumari. Huenda twacheka, lakini swali la Upjohn ndilo swali la mwanafunzi wetu: dawa imo, je, itatoka?

Vita vya 1914 hata 1918 vilileta kazi ya vidonge katika nchi yetu yenyewe. Wadachi walikuwa wameanzisha mwaka 1902 kituo kikubwa cha elimu ya mimea huko Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, na miongoni mwa miti waliyoipanda ulikuwapo msinkona. Waingereza walipoizuia bahari, dawa za Ulaya hazikufika tena. Ndipo wataalamu wa Amani wakachemsha magome ya miti yao, wakatoa kwinini, wakafanya vidonge kwa ajili ya jeshi la von Lettow-Vorbeck. Katika mwezi wa Machi 1916 Waingereza na Makaburu waliingia Moshi na Arusha, na baadaye mwaka ule ule wakaitwaa Usambara. Hapo jeshi la Wadachi lilikuwa likirudi kusini. Vidonge vikawaishia. Wakabaki kuchemsha magome katika masufuria na kunywa maji yake, machungu kupita kiasi, na askari kwa mzaha wakayaita pombe ya Lettow. Fikirini tofauti hiyo. Gome lilikuwa lile lile, na dawa ile ile, lakini aliyekunywa kikombe cha Jumatatu hakujua kama amekunywa sawa na kile cha Jumanne. Wapagazi wa majeshi yote mawili, ambao hesabu yao ilikuwa kubwa kuliko ya askari, walikufa kwa maelfu mengi, na maradhi yaliwaua wengi kuliko risasi. Baba zetu wa Meru na Uchagga waliwajua baadhi yao.

Sasa twaomba msomaji atuvumilie, maana twaingia katika hesabu kidogo. Bila hesabu hiyo habari zinazofuata hazitaeleweka.

Chukua donge la dawa lenye pande sawa, kila upande sentimita 1. Lina nyuso 6, na nyuso zake zote pamoja zina eneo la sentimita za mraba 6. Sasa likate liwe vipande vya milimita 1 kila upande. Utapata vipande 1,000, na nyuso zake zote pamoja ni sentimita za mraba 60. Endelea kuvisaga hata kila chembe iwe sehemu ya 100 ya milimita. Hapo chembe ni milioni 1,000, na eneo la nyuso zake ni sentimita za mraba 6,000, yaani sawa na meza yenye urefu wa mita 1 na upana wa sentimita 60. Uzito haukuongezeka hata kidogo. Lakini maji hula dawa kutoka usoni pake, wala hayawezi kuila kutoka ndani; kwa hiyo ile iliyosagwa huyeyuka upesi mara nyingi kuliko donge. Kila mwanamke aliyetia chumvi ya mawe na chumvi laini katika mchuzi analijua jambo hili, hata kama hakulipiga hesabu.

Basi mtu atasema, tusage zaidi na zaidi. Hapo ndipo penye mtego. Unga uliosagwa mno hushikamana. Shika sembe laini mkononi uifumbate. Itabaki na alama za vidole, na ukiimimina huanguka kwa mabonge. Ulezi hauna tabia hiyo, humiminika kama maji. Nayo mashine ya vidonge hutaka kitu kimiminikacho, kwa sababu haipimi kila kidonge kwa mizani. Ina shimo la chuma. Unga huanguka ndani ya shimo hilo, mchi wa juu na mchi wa chini hukutana, kidonge kimekwisha. Mashine kubwa hufanya zaidi ya vidonge 100,000 kwa saa moja. Shimo likijaa vizuri kidonge huwa kizima, na shimo likijaa nusu kwa ajili ya bonge lililokwama juu, kidonge huwa pungufu, nao mgonjwa wa hicho ni mtu fulani mwenye jina na wazazi.

Tena kuna ubaya wa kuchanganya. Kidonge si dawa tupu. Mara nyingi dawa ni kidogo, na sehemu kubwa ni wanga, au sukari ya maziwa, au unga mweupe utokanao na nyuzi za miti. Hivi vyote havina budi kuchanganyika sawasawa na kukaa hivyo. Tulitia mchanga na maharage katika debe, tukavichanganya vizuri, kisha wavulana wawili wakalibeba debe hilo wakizunguka kiwanja cha shule mara tatu. Tulipochungulia, maharage yalikuwa juu na mchanga umeshuka chini. Hakuna aliyeyatenganisha, mtikisiko tu ulitosha. Unga wa dawa wenye chembe kubwa na ndogo hufanya vivyo hivyo ndani ya pipa, njiani kutoka chumba hata chumba, na vidonge vya kwanza vikawa na dawa nyingi kuliko vya mwisho.

Dawa ya maovu haya mawili iligunduliwa zamani na wenye viwanda, nayo yafanana na kazi ya jikoni. Unga hulowanishwa kwa uji mwembamba wa wanga, ukakandwa kidogo, ukasukumwa katika chekecheke, ukakaushwa, hata ukawa chembechembe kama ulezi. Kila chembe sasa ina mchanganyiko wote ndani yake, wala haina nafasi ya kuachana na wenzake, tena humiminika. Wanga uliobaki ukiwa mkavu humsaidia mgonjwa baadaye, kwa maana ukipata maji tumboni huvimba na kukipasua kidonge. Mwisho hutiwa mafuta makavu kidogo sana, yaitwayo magnesi stearati, ili kidonge kisigande katika chuma. Hapo tena pana hatari, na hapa ndipo tulipopata fununu ya jibu letu. Mafuta hayo yakizidi, au yakichanganywa muda mrefu mno, huzivika chembe zote zikayakataa maji kama manyoya ya bata. Nguvu ya mchi ikizidi ni vile vile, hakubaki nafasi ya maji kupenya. Kidonge hutoka kizuri machoni, chenye kung'aa, uzito wake kamili, dawa yake kamili. Nacho ni kokoto.

Jambo hili si la kubuni. Mwaka 2001 Tanzania Bara iliacha klorokwini, ambayo malaria ilikuwa imekwisha kuizoea, ikachukua vidonge vya SP. Wataalamu wa dawa wa Muhimbili wakapima vidonge vya SP na vya amodiakwini vilivyouzwa na maduka ya jumla ya Dar es Salaam, na mwaka 2003 wakachapisha waliyoyaona. Vidonge vichache vilipungukiwa dawa. Lakini katika SP, vilivyoshindwa katika kipimo cha kuyeyuka vilikuwa vingi zaidi kuliko vilivyopungukiwa. Yaani dawa ilikuwamo, ila haikutoka kwa wakati wake. Sisi tuliposoma hayo tulikumbuka maneno tuliyoyasikia mara nyingi katika misiba ya miaka ile, kwamba mtoto alipewa dawa yote na homa haikusikia, basi lazima kuna mkono wa mtu. Majirani wamepata kuvunja ujirani kwa maneno hayo. Hatusemi kwamba kila mara kidonge ndicho kilichokosa, kwa maana malaria nayo ilikuwa imeanza kuishinda SP; twasema tu kwamba hakuna aliyekishuku kidonge.

Kuelekea mwisho wa 2006 nchi ikabadili tena, ikapokea dawa mseto, ambayo kidonge chake kimoja kina miligramu 20 za artemeta na miligramu 120 za lumefantrini. Hii ya pili ni mtoto mkaidi. Haipendi maji kabisa, bali yapenda mafuta, ndiyo sababu mganga hutuambia tuinywe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Wengi wetu tulidhani ni kwa ajili ya kupunguza kichefuchefu. Sivyo, bila mafuta, sehemu kubwa ya lumefantrini hupita tumboni bila kuingia katika damu.

Watoto wadogo hawawezi kumeza kidonge, kwa hiyo mama zetu walikiponda kwa kijiko, na sehemu ikabaki kijikoni, sehemu ikatemwa kwa uchungu. Basi wakatengeneza kidonge kinachotawanyika chenyewe katika maji kidogo, nacho kina utamu wa tunda. Kilijaribiwa kwa watoto 899 katika nchi za Benin, Kenya, Mali, Msumbiji na Tanzania, na habari zake zilichapishwa London mwaka 2008. Katika waandishi, jina la kwanza ni la Mtanzania, Dokta Salim Abdulla. Waliopewa kidonge kipya walipona 97.8 katika kila 100, na waliopewa kilichopondwa walipona 98.5, maana yake ni sawasawa. Msomaji atauliza, faida iko wapi? Faida ni kwamba katika majaribio kidonge huponda muuguzi aliyefundishwa, na nyumbani huponda mama aliyekesha, gizani.

Kuna siri nyingine ya unga ambayo hata wenye viwanda vikubwa iliwaaibisha. Madini meusi ya penseli na almasi ya Mwadui ni kitu kimoja, kaboni. Tofauti yake ni namna chembe zilivyopangwa. Dawa nazo hupangika hivyo, na mpango mmoja huyeyuka, mwingine hukataa. Dawa ya ritonaviri, ya kufubaza virusi vya UKIMWI, ilianza kuuzwa mwaka 1996 na kampuni ya Abbott. Mwaka 1998 katika kiwanda kukatokea ghafula mpango mpya wa fuwele ambao hakuna aliyepata kuuona, nao haukuyeyuka vema kama ule wa kwanza. Na kila ulipogusa dawa ya zamani uliigeuza ifanane nao, kama chachu katika donge. Vifuko vya dawa hiyo vikaondolewa sokoni, na wagonjwa wakapewa dawa ya maji yenye ladha mbaya hata ilipopatikana njia nyingine.

Tukirudi nyumbani, Arusha yetu nayo imepata kuwa mji wa vidonge. Kiwanda cha Tanzania Pharmaceutical Industries, ambacho watu hukiita TPI, kilianza kuwa cha serikali, na katika miaka ya 2000 kilitengeneza dawa za malaria na za virusi vya UKIMWI kwa msaada wa mfamasia mwanamke kutoka Thailand, Krisana Kraisintu. Bibi huyo alikuwa amekwisha kufanya kazi kama hiyo kwao, akaiacha nafasi yake nzuri akaja Afrika kufundisha watu kutengeneza dawa zao wenyewe. Mwaka 2009 alipewa tuzo ya Magsaysay. Tuliona fahari kwamba kidonge chenye jina la Arusha kilikuwa kikisafiri kwenda wilaya za mbali. Kisha mwaka 2012 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba dawa bandia za virusi, zenye jina la dawa ya kiwanda hicho, zimeonekana Tarime katika mkoa wa Mara, na kiwanda kikasimamishwa. Mambo yakafika mahakamani, wala si kazi yetu kuyahukumu. Lakini mtu anayemeza kidonge kila siku ya maisha yake, akisikia kwamba huenda cha jana hakikuwa dawa, hofu yake haiondolewi kwa tangazo la redio. Baada ya hapo sehemu kubwa ya dawa zetu zikaendelea kuja kwa meli kutoka India.

Katika miaka iyo hiyo huko Marekani kazi ya vidonge ilianza kubadilika. Desturi ya zamani, tangu Brockedon, ni ya chungu: pika chungu kimoja, kiepue, onja, kisha pika kingine. Unga huchanganywa siku moja, ukangoja katika mapipa, ukafanywa chembe siku nyingine, ukangoja tena. Kipimo hufanywa mwisho, na ikiwa chungu kimeungua humwagwa chote. Njia mpya ni ya mfereji. Sisi tulio chini ya mlima Meru hatuhitaji kuelezwa mfereji ni nini. Unga wa dawa na unga wa wanga huingia upande mmoja bila kukoma, kila mmoja ukipimwa na mizani kila sekunde, hupita penye kuchanganywa, penye kufanywa chembe, penye kukaushwa, na kwa upande wa pili vidonge hutoka. Njiani huwekwa macho ya mwanga usioonekana ambayo hutambua kiasi cha dawa ndani ya unga unaopita. Likipita fungu baya, mlango hufunguka likatolewa nje peke yake, kama mtu azibavyo maji kwa udongo na migomba na kuyaelekeza shamba jingine. Tena unga hauna muda wa kungoja na kutikisika katika pipa, kwa hiyo ule ubaya wa debe letu la maharage hupungua sana.

Kampuni ya Vertex ilipata ruhusa ya kutengeneza hivyo dawa mpya mwaka 2015. Mwaka 2016 kampuni ya Janssen ikaruhusiwa kuhamisha dawa yake ya virusi vya UKIMWI, darunaviri, kutoka desturi ya chungu hata desturi ya mfereji, katika kiwanda chake cha Gurabo, Puerto Rico. Na mwezi wa Novemba 2022 baraza la mataifa la kanuni za dawa, ICH, lilimaliza kanuni zake za namna hiyo ya kazi, ziitwazo Q13.

Wako wasemao kwamba viwanda vya Afrika viruke moja kwa moja katika mfereji, kama tulivyoruka simu za waya tukapata za mkononi. Maneno hayo yana ladha. Mashine ya mfereji ni ndogo, chumba chake ni kidogo, na ukitaka vidonge vichache waiendesha saa chache, vingi waiendesha siku nzima. Lakini sisi twajua mfereji una masharti. Maji yakikatika juu, mashamba yote ya chini hukauka siku ile ile, na umeme wetu hukatika. Tena mfereji wataka mlinzi anayeelewa. Mashine yenye macho 10 bila mtu anayejua macho hayo yanaona nini ni sawa na kuchunguliwa na ng'ombe. Kwa maoni yetu watu hutangulia, mashine hufuata.

Na watu hao wameanza kufundishwa, si mbali na hapa. Ukipanda basi Usa River, kwa safari isiyofika saa 2, utashuka Moshi, na karibu na hospitali ya KCMC utaona Kilimanjaro School of Pharmacy, shule iliyo chini ya Saint Luke Foundation. Huko, tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, Sista Zita Ekeocha wa shirika la Medical Missionaries of Mary na Profesa Stephen Byrn wa chuo kikuu cha Purdue, Marekani, ambaye maisha yake yote ameyatumia katika elimu ya fuwele za dawa, waliendesha mafunzo kwa watu wa viwanda na wa ofisi za serikali za dawa kutoka nchi mbalimbali za Afrika. Hawafundishwi kwa chaki tu. Hupima unga, hulowanisha, hukausha, hushindilia, kisha huvijaribu vidonge vyao wenyewe.

Huchukua vidonge 20 na kupima kimoja kimoja. Ikiwa uzito wa wastani ni miligramu 250 au zaidi, ni vidonge 2 tu vinavyoruhusiwa kupita asilimia 5 juu au chini ya wastani huo, wala kisiwepo hata kimoja kinachopita asilimia 10. Kisha huchukua vidonge 6 vingine, huvitia katika mirija inayopanda na kushuka ndani ya maji ya moto wa digrii 37, kama moto wa mwili wa mtu, na saa mkononi. Kidonge kisichovikwa ganda hupewa dakika 15 kivunjike.

Glasi yetu ya darasani haikuwa na moto huo wala mwendo, kwa hiyo hatuwezi kukihukumu kwa haki kidonge cha mwanafunzi wetu. Tulichoandika daftarini ni saa tu: kiliingia majini saa 2 asubuhi, kikatolewa saa 8 mchana, kikiwa kizima.